Masega ya Gari Yako: Yakichoka Utajuaje, na Utapita Inspekshoni Vipi?

Picha ni hii. Uko Kisauni, saa kumi na mbili asubuhi, unawasha Probox uanze kazi. Chini ya gari unaskia mlio, kama mtu anatingisha mkebe wa kokoto. Taa ya cheki injini imewaka wiki mbili sasa na umezoea kuiona hapo kama pambo. Inspekshoni ni Jumatatu. Fundi wa mtaa anachungulia chini, anacheka, anakwambia: "Hiyo ni masega, brathe. Tunatoboa, gari inapumua, unateleza."

Nusu saa na doh kidogo, mambo imeisha. Ama?

Hapo ndio wasee wengi hupotelea. Wengine hutoboa masega yaliyokuwa mazima. Wengine hununua masega mapya na baada ya miezi michache wanarudi pale pale, juu tatizo halikuwa masega. Kama una gari Likoni, Kisauni ama Changamwe, iwe ya biashara au ya kwenda job, soma hii mpaka mwisho kabla hujatoa hata shilingi.

Masega ni nini hasa?

Jina la vitabuni ni katalitiki konvata. Mafundi wanaita masega, na hilo jina limeingia sawa kabisa: ukiipasua, ndani ni kauri yenye vishimo vidogo vidogo kama sega la nyuki. Kuta za hivyo vishimo zimepakwa madini ya bei mbaya: platinamu, paladiamu na rodiamu.

Kazi yake kwa gari ya petroli ni tatu kwa mpigo. Kaboni monoksidi, ile gesi inayoua bila harufu, inageuzwa kuwa kaboni dioksidi. Petroli ambayo haikuungua, yaani hidrokaboni, inageuzwa kuwa maji na kaboni dioksidi. Oksidi za naitrojeni zinavunjwa zirudi kuwa naitrojeni ya kawaida, hii hii unayopumua.

Lakini masega yana masharti mawili. La kwanza ni joto. Chini ya nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi hayafanyi kitu cha maana, na ndio maana gari baridi hunuka. La pili ni mchanganyiko sahihi: hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya petroli. Mafundi wa mashine wanaita hiyo lambda 1. Petroli ikizidi, lambda inashuka chini ya 1. Hewa ikizidi, inapanda. Shika hilo neno lambda, tutalirudia.

Changamwe inaingiaje kwa hii story?

Zamani petroli ya Kenya ilitiwa risasi, na risasi ni sumu ya masega. Inayafunika yale madini na baada ya matenki machache masega yamekufa. Kile kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, Kenya Petroleum Refineries, kilichoanza kazi miaka ya 1960, kilitoa petroli ya risasi kwa miongo mingi. Juni 2001 nchi za Afrika zilikubaliana Dakar kuiacha, na kufikia Januari 2006 Kenya na nchi zingine za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Kiwanda chenyewe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Kwa hivyo masega kwa gari ya Mombasa yamekuwa na maana kwa miaka ishirini hivi tu. Na kama unadhani risasi ni kitu kidogo, uliza watu wa Owino Uhuru, hapo karibu na Mikindani, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikasimama na uamuzi huo.

Nini huua masega?

Weka hii akilini: masega hayafi tu yenyewe. Mara nyingi kuna kitu kingine kimeyaua, na hicho kisiporekebishwa, hata mapya yatakufa.

1. Plagi na koili mbovu. Silinda moja ikikosa kuchoma, petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya masega. Joto likipita nyuzi 1000 hivi, madini yanaanza kushikana na kupoteza nguvu. Likipanda zaidi, kauri yenyewe inayeyuka na kuziba njia. Kama taa ya cheki injini inapepesa badala ya kuwaka tu, hiyo ni gari inakuomba usimame.

2. Injini inayokula oili. Ndani ya oili kuna fosforasi na zinki. Zikiungua zinayapaka masega kama rangi. Kama unaongeza oili kila wiki, masega yako yanahesabu siku.

3. Maji ya rejeta kuingia kwa silinda. Gasketi ya hedi ikivuja, kemikali za kulanti zinaenda moja kwa moja kwa masega.

4. Mafuta yaliyochanganywa. Kupiga petroli ama dizeli na mafuta ya taa ilikuwa biashara kubwa hadi serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Ukipata petroli ya chupa kando ya barabara kwa bei tamu kupita kiasi, jiulize mwenyewe.

5. Chumvi na maji ya Pwani. Hewa ya bahari inakula chuma. Bomba likitoboka kabla ya masega, hewa ya nje inaingia na kudanganya sensa. Na ukiingiza gari iliyochemka kwa dimbwi la mvua ya Mei, kauri ya moto ikikutana na maji baridi inaweza kupasuka.

Utajuaje yamechoka?

Anza na vitu havikugharimu kitu.

Gonga. Gari ikiwa baridi, piga ganda la masega kidogo kwa ngumi ama nyundo ya mpira. Likitoa mlio wa kokoto, kauri imevunjika.

Nusa na sikiliza. Harufu ya mayai viza inamaanisha petroli nyingi inafika kwa masega. Gari ikikataa kupanda mlima, ikikosa pumzi ukikanyaga, huenda yameziba.

Soma kodi. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu kinatosha. Kodi P0420 inasema masega hayafanyi kazi kama inavyotakiwa. Lakini usikimbilie kununua. Angalia kama kuna kodi zingine, mfano P0300 ya kukosa kuchoma ama P0171 ya hewa nyingi. Hizo zinatangulia. Zitibu kwanza.

Tazama sensa mbili za oksijeni. Ya mbele ya masega inatakiwa kucheza juu chini haraka haraka. Ya nyuma inatakiwa kutulia, juu masega yakiwa mazima yanakuwa yamesawazisha oksijeni. Ya nyuma ikicheza densi ile ile na ya mbele, masega yamechoka. Ila hakikisha hakuna bomba linalovuja karibu nayo, juu tobo pia linaleta hiyo densi. (Kwa gari zingine mpya sensa ya mbele ni ya aina nyingine na haichezi hivyo, kwa hivyo uliza fundi anayejua model yako.)

Mashine inapima nini?

Kenya ina Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 chini ya sheria ya mazingira, na kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515 cha ukaguzi wa magari. Hicho KS 1515 ndicho kinachozuia gari iliyozidi miaka minane kuingia nchini. Mwaka 2025, kwa mfano, mwisho ulikuwa gari zilizosajiliwa mara ya kwanza 2018. Gari za Japani hukaguliwa huko huko kabla hazijapakiwa meli ya kuja Kilindini. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa na NTSA, na mwaka 2023 serikali ilianza kusukuma rasimu ya kanuni za kuleta pia magari ya kibinafsi yaliyopita miaka minne. Kwa hivyo hii si story ya matatu peke yake.

(By the way, ukiskia msee wa Nairobi akisema gari yake "imeenda Likoni", hajavuka ferry. Anamaanisha kituo cha ukaguzi cha Likoni Road, Industrial Area.)

Kwa petroli, mrija unaingizwa kwa ekzosi na mashine inasoma gesi, injini ikiwa imetulia na pia ikiwa imeongezwa mwendo. Kwa dizeli kinachopimwa ni weusi wa moshi. Kukupa picha ya vile nchi zingine zinabana: Uingereza, gari ya petroli yenye masega haitakiwi kupita kaboni monoksidi asilimia 0.2 na hidrokaboni sehemu 200 kwa milioni injini ikiwa juu, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Japani, kwa gari nyingi za kawaida za tangu 1998, mpaka ni asilimia 1 na sehemu 300 kwa milioni, injini ikiwa imetulia.

Sasa sikiza vizuri, juu hapa ndio utaokoa doh. Ukipewa karatasi ya matokeo, usiitupe. Isome hivi:

Kaboni monoksidi iko juu na lambda iko chini ya 0.97: injini inakunywa petroli kupita kiasi. Angalia sensa ya mbele, injekta, filta ya hewa, thermostati iliyokwama wazi. Masega huenda hayana makosa.

Lambda iko juu ya 1.03 na kaboni monoksidi iko chini: kuna hewa inaingia mahali. Tafuta tobo kwa ekzosi ama mpira wa hewa uliopasuka. Welda anaweza kumaliza hii kesi.

Hidrokaboni ziko juu sana na kaboni monoksidi ni ya kawaida: kuna silinda haichomi. Plagi, koili, kompresheni.

Lambda iko sawa, injini imechemka, lakini kaboni monoksidi na hidrokaboni zote ziko juu: sasa ndio unaweza kusema masega yamechoka.

Fundi akikwambia "ni masega" bila kuangalia chochote kati ya hivi, anabahatisha na mfuko wako.

Ukilazimika kubadilisha

Kuna njia tatu, na kila moja ina bei yake na siri yake.

Orijino mpya. Inadumu. Sheria ya Marekani inamlazimu mtengenezaji kudhamini masega ya orijino miaka minane ama maili 80,000. Shida ni bei, ambayo kwa gari kuukuu inaweza kukufanya uketi chini.

Ya mitumba kutoka Japani. Hii inaweza kuwa dili poa ama hasara tupu. Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani. Vishimo viwe wazi, sawa, bila sehemu iliyoyeyuka, bila mafuta meusi yaliyoganda. Itingishe: ikilia, rudisha. Pia hakikisha ni ya model yako, juu ya Vitz haijapimwa kwa injini ya lita 2.7.

Mpya ya makampuni mengine. Nyingi zinatengenezwa na madini kidogo kuliko orijino, ndio bei inashuka. Matokeo yake: wiki ya kwanza gari inapita test bila shida, mwaka ukiisha P0420 imerudi. Huko Marekani yenyewe zinadhaminiwa maili 25,000 tu kwa utendaji wake, na California ina masharti makali zaidi. Si kwamba zote ni mbovu. Ila uliza duka risiti na dhamana kwa maandishi, uliza kama imetengenezwa kwa injini yako ama ni ya "kuchomelea popote", na usikubali ganda lisilo na jina wala namba yoyote. Kuna maganda mazuri nje ambayo ndani karibu hayana madini kabisa. Ukiona bei haiingii akilini, jua pia madini hayajaingia ndani.

Chochote unachoweka, tibu kwanza kilichoua ya zamani. Kuweka masega mapya kwa injini inayokula oili ni kumwaga maji kwa gunia.

Na kutoboa je?

Ukweli ni kwamba kama masega yameziba, kuyatoboa kutafanya gari ivute. Ndio maana mafundi wanapenda hiyo njia: mteja anafurahi hapo hapo. Lakini ulichoondoa ni kizuizi, na kizuizi kingeondoka pia ukiweka yaliyo mazima. Kama hayakuwa yameziba, hutaskia tofauti ya maana.

Kuna pia ujanja wa kusogeza sensa ya nyuma mbali na moshi ili taa izime. Na kuna wa kufuta kodi asubuhi ya inspekshoni. Yote mawili yanadanganya dashibodi. Mrija wa mashine hausomi dashibodi, unanusa ekzosi. Utalipa fundi, utalipa ada ya ukaguzi, utafeli, utalipa tena.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko doh. Fikiria foleni ya ferry upande wa Likoni saa moja asubuhi. Magari yamebanana, injini zinanguruma, na pembeni yako ni watu wanavuka kwa miguu, mama na mtoto mgongoni, wanafunzi. Kila gari iliyotobolewa inamwaga kaboni monoksidi na petroli mbichi kwa hao watu. Na kama ekzosi yako inavuja chini ya sakafu, wa kwanza kuvuta ni wewe, dere, unayekaa humo masaa kumi na mbili. Kichwa kikikuuma kila jioni usilaumu jua peke yake.

Chunga wezi pia

Yale madini ndani yana bei. Mwaka 2021 rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi moja, ghali kuliko dhahabu mara nyingi, na wizi wa masega ukalipuka dunia nzima. Haibridi ndio zinapendwa sana na wezi, juu injini haifanyi kazi muda wote na masega hubaki na madini mengi. Ukiwa na Aqua ama Prius, weka bamba la chuma chini, andika namba ya usajili kwa ganda, na usiache gari kwa gereji bila kuangalia chini ukiileta na ukiichukua. Ukinunua gari yadi, inama uangalie kama masega yapo kabla ya kusaini. Piga picha.

Na fundi akibadilisha, dai ile ya zamani. Ni mali yako, na hata ikiwa mbovu, bado ina thamani. Kuiuza, tumia dila mwenye leseni. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na mwaka 2022 biashara yote ilisimamishwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Usinunue wala kuuza masega yasiyo na mwenyewe.

Siku ya inspekshoni

Wiki moja kabla: badilisha oili na filta ya hewa kama zimefika, angalia plagi, mwambie welda azibe matobo yote ya ekzosi. Soma kodi na urekebishe, usifute tu.

Siku hiyo: weka mafuta ya kutosha kutoka kituo unachokiamini. Usiende na gari baridi. Endesha dakika 20 hivi kwa barabara inayotembea, si kutoka mtaa wa pili. Ukikwama kwa foleni ya kituo, masega yanapoa. Zamu yako ikikaribia, shikilia injini kwa mizunguko 2,500 kwa dakika mbili tatu. Zima eyisii na redio.

Huo si ujanja. Ni kumpa mgonjwa nafasi ya kupimwa akiwa macho. Masega yaliyochoka kidogo tu yanaweza kupita hivyo kihalali. Yaliyokufa hayatapita hata ukiyachemsha mpaka kesho.

Kwa hivyo turudi Kisauni, na ule mlio wa kokoto. Kabla ya kumwambia fundi "toboa", muulize maswali matatu: Umesoma kodi gani? Lambda ni ngapi? Nini kimeyaua? Akikujibu, umepata fundi, mshike vizuri. Akianza kukuna kichwa, chukua ufunguo wako, sema asante, songa gereji inayofuata.